Shuka Hapa, Pandia Kule: Matembezi ya Stesheni kwa Stesheni Pwani ya Sussex

Mwenye gari akienda kutembea mashambani, popote atakapofika lazima arudi alikoegesha. Abiria wa treni hana deni hilo. Anashuka stesheni moja asubuhi, anakata mashamba au anafuata ukingo wa bahari, jioni anapandia stesheni nyingine, wala hakanyagi njia ileile mara mbili. Kama unaishi London na huna gari, au umekuja Uingereza kumtembelea ndugu na umechoka kuzungushwa madukani, matembezi ya aina hii yatakufaa.

Kinachoyawezesha ni umri wa reli zenyewe. Njia za reli za kusini mwa England zilijengwa karne ya 19, enzi ambazo mkulima na mvuvi walikwenda stesheni kwa miguu. Ndiyo maana stesheni zimekaa karibu karibu, nyingi katikati ya mji au ubavuni mwa kijiji. Aliyezoea reli ya SGR ya Kenya, ambako mtu wa Mombasa mjini sharti kwanza afike Miritini ndipo alione behewa, atastaajabu kushuka hapa na kukuta njia ya miguu inaanzia karibu kabisa na jukwaa. Mwaka 1963 ripoti ya mkuu wa shirika la reli, Richard Beeching, ilipendekeza stesheni zaidi ya 2,000 zifungwe, na nyingi zilifungwa kweli. Zilizobaki bado zinatosha kukumalizia Jumamosi za mwaka mzima.

Hapa nashika eneo moja tu, East Sussex, kwenye pembetatu ya Lewes, Seaford na Eastbourne. Kutoka London Victoria ni safari ya kati ya saa moja na saa moja na nusu hivi. Ukishajua kupanga huku, kwingine utapanga mwenyewe.

Chagua kwanza unapomalizia

Wageni wa mchezo huu huanza kwa kuuliza waanzie wapi. Swali la kwanza liwe la kumalizia. Asubuhi unajua saa ya treni yako na umo ndani yake. Hakuna cha kukuchelewesha. Jioni ndiyo yenye mambo: tope limekula nusu saa, mtoto kachoka, mmoja wenu amesimama kupiga picha kila kilima. Kwa hiyo malizia kwenye stesheni yenye treni nyingi, yenye choo, paa na mahali pa kununua chai. Ile stesheni ya treni moja kwa saa, isiyo na duka wala mtu wa kumuuliza, ifanye ya kuanzia. Kanuni hii moja itakuokoa kuliko koti la bei ghali.

La pili ni upepo. Kusini mwa England upepo huvuma zaidi kutoka kusini-magharibi. Ukitembea pwani kuelekea mashariki, mara nyingi utakuwa mgongoni mwako, na kilomita 20 za upepo wa mgongoni si sawa na kilomita 20 za upepo wa usoni.

La tatu ni mwanga. Sisi tuliokulia karibu na ikweta tuna mazoea mabaya ya kudhani jua litazama saa kumi na mbili na ushei, iwe Januari, iwe Julai. Mwishoni mwa Juni huku jua huzama baada ya saa tatu usiku. Desemba huzama kabla ya saa kumi jioni. Kwa hiyo matembezi marefu yawekee kati ya Aprili na Septemba, na miezi ya baridi chukua yale mafupi.

Muda wa njia unaweza kuukadiria kwa kanuni aliyoiweka Mskoti William Naismith mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Njia ya Seaford hadi Eastbourne ni kilomita 22 hivi, na kupanda kwake kote kukijumlishwa kunazidi mita 500. Hiyo ni saa tano na nusu za miguu pekee. Weka na chakula, picha na kukaa tu ukitazama bahari, zinafika saba. Ukianza Seaford saa nne asubuhi, ambayo kwenye ratiba zao ni 10:00, utaingia Eastbourne saa kumi na moja jioni.

Tiketi

Hapa ndipo wengi hupoteza pesa. Reli ya kwenda Seaford na ya kwenda Eastbourne huachana mara tu baada ya Lewes. Ukinunua tiketi ya London kwenda na kurudi Seaford, haitakurudisha kutoka Eastbourne. Njia nyepesi ni kununua ya kwenda na kurudi Lewes, halafu mbili za kwenda tu: Lewes hadi Seaford, na Eastbourne hadi Lewes. Inaruhusiwa, mradi treni unayopanda inasimama Lewes. Linganisha bei hiyo na ya tiketi mbili kamili za kwenda tu kabla hujalipa, na kama dirisha la tiketi lina mtu, mweleze matembezi yako. Amewahi kuwaona wengine kama wewe.

Mkienda kikundi, angalieni Network Railcard, kadi ya punguzo ya kusini-mashariki mwa England. Mwenye kadi anaweza kuandamana na watu wazima wengine 3 na watoto 4: wakubwa hupunguziwa theluthi moja ya nauli, watoto asilimia 60. Siku za kazi haitumiki kabla ya saa nne asubuhi. Wikendi hutumika kutwa. Familia moja inaweza kurudisha bei ya kadi kwa safari chache tu.

Kumbuka Jumapili. Ndiyo siku wanayopenda kukarabati reli, na treni yako huweza kugeuka basi linalozunguka vijijini. Tazama ratiba usiku wa kuamkia safari. Ya wiki iliyopita usiiamini.

Njia ni haki yako

Jambo linalowatia hofu watu wetu ni kukatiza shamba la mtu. Unaona lango, ng'ombe, nyumba ya mwenye shamba pale juu, na moyo unasema rudi. Usirudi. England ina mtandao wa njia za umma zinazopita ndani ya mashamba ya watu binafsi, na haki ya kuzipita imo kisheria. Haikuja kwa upole. Aprili 1932 mamia ya wafanyakazi, Benny Rothman akiwa mbele, walipanda mlima wa Kinder Scout bila idhini ya wenye ardhi, na vijana watano wakafungwa jela. Sheria ya mwaka 1949 ikazitaka halmashauri zichore njia zote za umma kwenye ramani rasmi.

Mshale wa njano ni njia ya watembea kwa miguu. Wa buluu unaruhusu pia farasi na baiskeli. Alama ya tunda la mwaloni ni ya njia kuu za kitaifa, nayo ndiyo utakayoifuata sehemu kubwa ya pwani hii. Wajibu wako ni mdogo: fuata mstari wa njia, acha lango kama ulivyolikuta, usiwafukuze kondoo kwa ajili ya picha.

Ramani nzuri ni ya Ordnance Survey, chombo cha serikali kilichoanza mwaka 1791. Chukua ile ya jalada la rangi ya chungwa, ambayo sentimita 4 ni kilomita moja. Ya Seaford hadi Eastbourne ni namba OL25. Simu inatosha siku nyingi, lakini betri hulegea kwenye baridi, na ramani ya karatasi inakuonyesha kijiji cha kukimbilia kilicho nje ya kioo cha simu.

Jaribio la kwanza: Southease hadi Lewes

Usianze na majabali. Anza na mto. Southease ni stesheni ndogo kwenye tawi la Seaford, kwa kawaida treni moja kwa saa, hakuna dirisha la tiketi wala duka. Kwa kanuni yetu ya juu, ndipo pa kuanzia. Ukishuka, fuata kijia kuelekea magharibi hadi daraja la chuma juu ya mto Ouse. Kabla ya kugeuka, panda dakika chache hadi kijijini ukaone kanisa lenye mnara wa duara. Sussex nzima ina matatu tu ya namna hiyo, yote kwenye bonde hili.

Rudi mtoni, ushike tuta la ukingo wa magharibi, kaskazini hadi Lewes. Ni tambarare, kilomita 7 hivi, na huwezi kupotea kwa sababu mto uko mkono wako wa kulia. Kijiji cha kushoto ni Rodmell, alikoishi mwandishi Virginia Woolf. Nyumba yake, Monk's House, sasa hutunzwa na National Trust, shirika la kuhifadhi urithi, na hufunguliwa siku maalumu tu. Yeye mwenyewe alijizamisha kwenye mto huu mwaka 1941. Maji yake huenda na kurudi na bahari, na kingo ni tope zito, hivyo usimruhusu mtoto ashuke kuchezea maji.

Saa mbili hivi baadaye utaiona ngome ya Lewes juu ya nyumba. Mji una mikahawa ya kutosha, na stesheni yake ina treni za London, Brighton na Eastbourne. Kama miguu bado inataka, unajua uko tayari kwa siku kubwa.

Siku kubwa: Seaford hadi Eastbourne

Seaford ni mwisho wa reli. Toka stesheni, nenda ufukweni, mwendo wa dakika tano, kisha geuka kushoto. Kuanzia hapo hadi jioni bahari iko kuliani, isipokuwa kipande kimoja nitakachokieleza. Utapita mnara mnene wa mviringo, Martello namba 74, wa mwisho upande wa magharibi katika safu ya minara iliyojengwa kumngojea Napoleon, ambaye hakuja. Leo ni jumba la makumbusho. Halafu barabara inaisha na mlima wa Seaford Head unaanza.

Ukivuka kilele chake utaona kilichokuleta: nyumba chache za walinzi wa pwani chini, mto Cuckmere ukiingia baharini, na nyuma yake mawimbi meupe ya majabali, Seven Sisters, yaani Dada Saba. Picha nyingi ambazo watu hudhani ni za Dover zilipigwa hapa. Piga yako, kisha ukubali habari mbaya: mto huo huvuki mdomoni. Maji yakiwa yamekupwa utaona watu wakivua viatu na kujaribu. Tofauti ya kujaa na kupwa pwani hii hufika mita 6 wakati wa bamvua, kubwa kuliko ya Mombasa au Unguja, na mkondo una nguvu. Panda na ukingo hadi daraja la Exceat, kilomita mbili hivi ndani, halafu teremka upande wa pili. Unapoteza saa moja, lakini bonde lenyewe si la kudharauliwa: mto wa zamani uliojipindapinda uliachwa kando ulipochimbwa mfereji ulionyooka katika miaka ya 1840, na mizunguko yake bado inang'aa kama maji yaliyolala.

Exceat ina choo, mkahawa na kituo cha basi. Hapo ndipo pa kuamua kwa ukweli. Kama saa saba mchana imepita na ni Oktoba, au mmoja wenu anachechemea, mabasi ya namba 12 hupita barabarani hapo kwenda Seaford upande mmoja na Eastbourne upande mwingine. Hakuna aibu. Jaza chupa ya maji pia, maana hadi Birling Gap hakuna bomba.

Kutoka Exceat fuata njia bapa ya bonde, kisha alama za mwaloni zikupandishe Haven Brow, mita 77, dada mkubwa kuliko wote kwa kimo. Wanaofuata ni wafupi zaidi, lakini kila mmoja ana mteremko mkali na mpando mkali, na kuna wanaoapa kuwa wamehesabu wanane. Nyasi ni fupi kwa sababu ya kondoo. Mguuni kuna chaki, mwamba laini uliotokana na maganda ya viumbe wadogo wa baharini, na chaki iliyolowa huteleza kama sabuni. Kama mvua imenyesha, teremka juu ya nyasi pembeni ya njia.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu ukingo. Majabali haya huporomoka. Bahari huyala kutoka chini, na unaposimama ukingoni huoni kuwa chini yako pamekuwa tupu. Hakuna uzio, na usitafsiri kukosekana kwa uzio kuwa ni usalama. Kaa mita kadhaa ndani kila wakati, hata kama kuna watu ishirini wamekaa na miguu ikining'inia wakipiga picha. Ukishuka ufukweni, usikae wala kulala chini ya jabali, na usijaribu kutembea chini kutoka ghuba hadi ghuba bila kujua saa ya maji kujaa: kuna kilomita nyingi zisizo na pa kupandia.

Birling Gap, baada ya dada wa mwisho, ina mkahawa wa National Trust, vyoo na ngazi ya chuma ya kushukia ufukweni. Safu ya nyumba za walinzi wa pwani iliyojengwa hapo karne ya 19 imekuwa ikipungua, moja baada ya nyingine, kadiri ukingo unavyosogea. Ukiwa hoi, kijiji cha East Dean kipo karibu kilomita moja na nusu ndani, na namba 12 hupita huko pia.

Mbele yako sasa ni Belle Tout, mnara wa taa wa miaka ya 1830. Ulijengwa juu ya jabali, na ukungu ukawa unaificha taa yake mabaharia walipoihitaji. Mwaka 1902 ukastaafishwa. Mnara mpya wenye mistari myekundu na myeupe ukasimamishwa chini kabisa, miguu yake majini, mita 43 kwenda juu, na bado kutoka Beachy Head unautazama kwa kuinamisha kichwa. Belle Tout wenyewe ulikaribia kuanguka baharini, hadi mwaka 1999 ulipoinuliwa mzima na majeki na kusukumwa mita 17 kuelekea ndani. Sasa ni nyumba ya wageni.

Beachy Head ni mita 162, jabali la chaki la bahari lililo refu kuliko yote Uingereza. Upepo wa hapo juu si mzaha, hivyo vaa koti kabla hujafika kileleni. Kwa wanaoswali, kuna uwanja mpana wa nyasi nyuma ya ukingo, na kibla hapa ni kusini-mashariki, ukielekea mashariki zaidi. Majira ya baridi adhuhuri na alasiri zinakaribiana sana, hivyo ipangie sala mapema katika mapumziko yako. Wudhu ufanyie Birling Gap. Kileleni maji ni yale uliyobeba.

Mzigoni na mwilini

Usivae jinzi. Ikilowa inakuwa nzito na haikauki hadi nyumbani. Suruali nyepesi, tabaka mbili au tatu za juu na koti la mvua zinatosha. Viatu viwe na meno. Raba za mjini zinafaa njia ya mto wakati wa kiangazi, majabalini hapana. Lita moja na nusu ya maji, chapati za kukunja au mayai ya kuchemsha, chupa ya chai. Mikahawa ya njiani ni mizuri lakini ghali, na asiyekula nguruwe hubakiwa na keki.

Nyasi ndefu zina kupe, na kupe wa huku wanaweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme. Jioni kagua nyuma ya magoti na kiunoni, na watoto wakague mpaka kichwani. Mtu akianguka au akikwama ukingoni, piga 999 uombe walinzi wa pwani, si polisi, usimfuate mwenyewe. Chukua pia mfuko wa plastiki wa kuwekea viatu vyenye tope, usije ukachafua viti vya behewa.

Kuingia Eastbourne

Kutoka Beachy Head njia inateremka kwa nguvu hadi ukingo wa mji. Hapo ndipo inapoishia njia ya kitaifa ya South Downs Way, kilomita 160 kutoka Winchester, na utawakuta watu wenye mabegi makubwa wakipiga picha ya mwisho. Wewe bado una kilomita tatu hivi. Fuata barabara ya watembeaji ya ufukweni hadi karibu na gati refu la enzi za Malkia Victoria, lililofunguliwa mwaka 1870, kisha ingia Terminus Road, ambayo kama jina lake linavyodokeza, inakupeleka stesheni moja kwa moja.

Jambo moja la kuangalia ukiwa umechoka. Reli inaishia Eastbourne, na treni inayoendelea Hastings au Ore huingia na kugeuka kutokea majukwaa yaleyale. Mbili zinaweza kusimama ubavu kwa ubavu, moja ya London na moja ya mashariki, zote mbili zikiwa zimeelekeza pua upande mmoja. Soma bango, si mwelekeo wa treni. Baadhi ya treni pia hugawanywa au kuunganishwa njiani, kwa hiyo hakikisha behewa uliloingia ndilo linalofika Victoria. Dakika chache baada ya Polegate utaona vilima vya South Downs kupitia madirisha ya kushoto. Watafutie watoto viti vya huko.